Oti za kulaza na matunda ya friza: mwongozo kamili wa kifungua kinywa kisichopikwa

Unapopika uji, moto unafanya kazi mbili kwa pamoja: unalainisha nafaka na unaua vijidudu. Oti za kulaza hazipiti motoni kabisa. Kazi ya kulainisha inafanywa na maziwa, taratibu, usiku kucha ndani ya friji. Kazi ya kuua vijidudu haina mfanyaji, kwa sababu baridi inavichelewesha tu kuzaliana, haiviui. Ndiyo maana kila kinachoingia kwenye chupa lazima kiwe salama kabla hujakitia. Maelekezo mengi ya chakula hiki yanalipita jambo hilo haraka. Mimi sitalipita, maana ndilo linalotofautisha kifungua kinywa kizuri na tumbo la kuendesha.

Jambo la pili linalosahaulika ni maji yaliyomo ndani ya tunda. Embe likiwekwa friza, maji yake yanageuka chembe za barafu zinazopasua seli za nyama ya tunda. Likiyeyuka, juisi inachuruzika yenyewe bila kukamuliwa. Kwa mtu anayetaka tunda la kula kwa uma hiyo ni hasara, lakini kwa oti ni faida tupu: juisi ile inashuka polepole kwenye nafaka na kuipa utamu na rangi. Ila ni maji, na lazima uyahesabu. Ukitumia vipimo vya maziwa vilivyoandikwa kwa ajili ya tunda lisilogandishwa, asubuhi utakuta supu.

Chakula chenyewe si kipya kama kinavyodhaniwa. Daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, alikuwa akiwapa wagonjwa wake mjini Zürich oti zilizolowekwa usiku mzima tangu miaka ya 1900 hivi. Kipimo chake cha mtu mmoja kilikuwa kijiko kimoja cha oti kwa vijiko vitatu vya maji, pamoja na gramu 200 za tufaha lililokwanguliwa na maganda yake, maji ya limau, maziwa mazito ya kopo na lozi au njugu zilizosagwa. Ona uwiano huo: tunda ndilo lililokuwa mlo, oti zilikuwa za kulishikilia. Leo tumepindua, tunajaza oti na kupamba kwa vipande viwili vya tunda juu. Mimi niko upande wa daktari. Tunda liwe jingi.

Oti zipi

Madukani kuna aina tatu. Kuna oti bapa nzima, zile pana zinazoonekana kama vipande vidogo vya karatasi nene. Kuna oti za kupika haraka, zilizokatwakatwa na kubanwa hadi zikawa nyembamba. Na kuna oti zilizokatwa kwa chuma, punje ngumu zinazofanana na mchele uliovunjika.

Chukua oti bapa nzima. Kiwandani zimeshapitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa, kwa hiyo zinalainika bila kupikwa na bado zina kitu cha kutafuna. Zile za kupika haraka zinafaa ukiwa huna nyingine, lakini baada ya saa nane zinakuwa ute, basi zilaze saa mbili au tatu tu. Za kukatwa kwa chuma zinabaki ngumu hata asubuhi. Ziache kwa ajili ya uji.

Fungua pakiti uinuse. Oti zina mafuta kuliko nafaka nyingi, na pakiti iliyokaa wazi kwenye joto la pwani inachacha na kuacha uchungu wa mafuta ya zamani. Ukishaifungua, zihamishie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Na kama nyumbani kuna mtu asiyevumilia ngano kwa ugonjwa wa utumbo, ajue kwamba oti za kawaida mara nyingi husagwa kwenye mashine zilezile za ngano. Atafute pakiti iliyoandikwa wazi kuwa haina gluteni (protini ya ngano).

Kugandisha matunda mwenyewe

Kwa anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, hapa ndipo penye utamu wote wa jambo hili. Msimu mkubwa wa maembe ukifika, kuanzia Novemba hadi Februari hivi, maembe yanashuka bei hadi mengine yanaoza sokoni. Ukinunua ndoo moja wakati huo na kuigandisha, unakula embe dodo mwezi wa Mei kwa bei ya Desemba. Matunda ya friza yaliyoagizwa kutoka nje yapo kwenye maduka makubwa, lakini ni ghali, na mara nyingi yanakuwa yameshayeyuka na kuganda tena njiani. Utayajua: yamegandamana kuwa bonge moja na pakiti ina barafu ndani.

Osha matunda yakiwa na maganda yake, kwa maji ya kunywa na siyo ya bomba tu kama huna imani na bomba. Maji yaliyochemshwa na kupoa ndiyo salama, hasa kipindi cha mvua ambapo kipindupindu na homa ya matumbo husambaa. Kumbuka tunda hili halitapikwa. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinaupeleka uchafu ndani ya nyama, kwa hiyo hata tunda linalomenywa lioshwe kwanza, na ubao uwe mwingine kabisa na ule wa nyama na samaki.

Menya, kata vipande vya ukubwa wa dado ya ludo au zaidi kidogo, kisha uvikaushe kwa kitambaa safi. Vipange kwenye sinia visigusane, vitie friza saa tatu hadi nne mpaka viwe vigumu kama kokoto. Hapo ndipo unavikusanya kwenye chombo chenye mfuniko. Ukiviweka kwenye chombo moja kwa moja vikiwa vibichi, vitashikana na utahitaji nyundo. Andika tarehe juu. Friza ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, matunda yanabaki na ladha yake kwa miezi sita bila shida.

Kila tunda lina tabia yake. Embe linakubali kuliko yote. Chagua lililoiva lakini halijalegea, na uepuke yenye nyuzi nyingi, maana zinabaki kwenye meno. Ndizi mbivu zenye madoadoa menywa kwanza, zikatwe, zinyunyiziwe maji ya ndimu kidogo zisiwe nyeusi. Usigandishe ndizi na ganda lake ukitarajia kulimenya baadaye. Fenesi linaganda vizuri na harufu yake inatosha kuondoa haja ya sukari. Mapera yapitishe kwenye chujio kwanza uondoe mbegu, ugandishe rojo lake kwenye trei ya barafu. Pasheni vilevile: kamua na mbegu zake, gandisha kwenye trei, tumia bonge moja au mawili kwa chupa. Stroberi na forosadi za nyanda za juu zioshwe taratibu na kukaushwa sana, kwa sababu hazina ganda la kutoa.

Nanasi na papai yanahitaji tahadhari ya pekee. Yote mawili yana vimeng'enya vinavyokata protini, ndiyo maana papai bichi hutumika kulainisha nyama. Kugandisha hakuviharibu. Ukilaza nanasi kwenye maziwa au mtindi usiku kucha, asubuhi utakuta maziwa yamekatika na yana uchungu unaobaki ulimini. Tia nanasi na papai asubuhi, dakika chache kabla ya kula. Au, kama unataka yalale humo, tumia tui la nazi, ambalo lina protini kidogo sana.

Neno kwa wasomaji walio Ulaya wanaonunua matunda madogo ya friza ya pakiti, yale mekundu na meusi mchanganyiko. Mwaka 2012 na 2013 kulitokea milipuko ya homa ya ini aina ya A Ulaya, ikahusishwa na matunda ya aina hiyo yaliyogandishwa. Virusi hivyo havifi kwa kuganda. Mamlaka za chakula za nchi kama Denmark na Finland zimekuwa zikiwashauri watu wayachemshe matunda madogo yanayotoka nje ya nchi kabla ya kuyala. Yachemshe kwenye sufuria yatokote walau dakika mbili, yapoe kabisa, kisha yatie kwenye oti. Yatakuwa kama jemu laini, na hayapotezi kitu kwa ladha.

Maziwa, mtindi au tui

Maziwa ya ng'ombe yanayonunuliwa kwa mama muuza au kwenye dumu lazima yachemshwe, hata kama ni ya shamba la jirani unayemwamini. Yaache yapoe kabisa kabla ya kuyatia, kwa sababu maziwa ya uvuguvugu yanaipasha chupa nzima na friji itachukua saa kadhaa kuishusha. Maziwa ya pakiti ya muda mrefu hayahitaji kuchemshwa. Ya unga yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Mtindi, au maziwa lala kwa wenzetu wa Kenya, unaleta ukali mzuri na uzito. Unapotumia pasheni, stroberi au ubuyu, mtindi ndio chaguo bora, maana maziwa ya kawaida yatakatika kwa asidi ya tunda.

Tui la nazi ni tamu mno na embe, lakini lina siri yake. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na friji ni baridi kuliko hapo sana. Tui la kwanza, lile zito, litafanya tabaka gumu jeupe juu ya oti. Tumia tui la pili. Likamue, lichemshe kidogo huku ukilikoroga, lipoe, kisha litumie siku hiyohiyo. Tui bichi linachacha upesi kuliko maziwa.

Chupa moja ya embe na hiliki, hatua kwa hatua

Kikombe ninachokitaja hapa ni cha mililita 250. Vipimo vinamtosha mtu mzima mmoja:

- oti bapa nusu kikombe (gramu 45 hivi)
- maziwa nusu kikombe
- mtindi mzito robo kikombe
- mbegu za chia kijiko kimoja cha chakula
- embe la friza nusu kikombe, au zaidi ukilipenda
- hiliki ya kusaga, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili
- asali kijiko kimoja cha chai, kama embe si tamu

1. Osha chupa ya kioo yenye mfuniko mpana kwa maji ya moto na sabuni, ikauke. Chupa ya jemu au ya siagi ya karanga ya mililita 400 hadi 500 inafaa sana.

2. Tia oti, chia, hiliki na chumvi. Zichanganye zikiwa kavu. Chia zikikutana na maziwa kabla ya kutawanyika zinafanya madonge ambayo hayatoki. Chumvi usiiache, maana oti bila chumvi zina ladha ya karatasi hata ukizijaza asali.

3. Mimina maziwa na mtindi, koroga hadi chini kabisa kwenye pembe za chupa. Subiri dakika kumi, koroga tena. Hapo chia zimeanza kuvimba na hazitashikana tena.

4. Panga embe juu likiwa bado gumu kutoka friza. Usilikoroge. Likiwa juu, juisi itashuka yenyewe usiku, na wakati huohuo barafu yake inaipoza chupa nzima saa za mwanzo, wakati ambao friji inafunguliwa-funguliwa na watu wa nyumbani.

5. Funga, tia friji. Isiwe mlangoni, maana mlangoni ndipo penye joto kuliko kwingine. Iweke ndani nyuma. Friji iwe kwenye nyuzi 4 au 5, siyo zaidi.

6. Acha saa sita hadi nane. Asubuhi koroga, onja, kisha ndipo uamue kama inahitaji asali. Mara nyingi haihitaji. Nyunyizia korosho zilizokaangwa wakati wa kula, siyo usiku, maana zitalainika.

Huna chia? Punguza maziwa yawe theluthi moja ya kikombe. Unatumia tunda lisilogandishwa badala ya la friza? Ongeza maziwa vijiko viwili vitatu. Hesabu ya maji ndiyo hiyo tu, na ukishaizoea hutahitaji vipimo.

Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Mdogo huyo hata hivyo, akishatimiza miezi sita, anafaa kupewa uji uliopikwa, siyo hiki.

Aina nyingine zinazofaa

Ndizi na karanga: tumia ndizi moja ya friza, kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, maziwa na mdalasini. Haihitaji sukari yoyote. Itageuka rangi ya kijivu ikikaa zaidi ya siku moja, kwa hiyo iandae ya kesho tu.

Ubuyu na pasheni: kijiko kimoja cha unga wa ubuyu mtupu, siyo zile mbegu zilizopakwa rangi na sukari za kumung'unya, kwenye mtindi, na mabonge mawili ya pasheni juu. Huu ni mkali, unaamsha kabisa. Ubuyu unakamata maji kama chia, basi punguza chia ziwe nusu kijiko.

Tui na nanasi: laza oti kwenye tui la pili na chumvi peke yake, tia nanasi la friza asubuhi na ulipe dakika kumi na tano lilegee.

Kwa daku ya Ramadhani sijui chakula kinachofaa kuliko hiki. Kinaandaliwa baada ya tarawehe, na saa kumi alfajiri hakuna wa kuwasha jiko. Oti zina unyuzi uitwao beta-glukani ambao tumboni unakuwa ute mzito na kuchelewesha chakula kutoka, kwa hiyo njaa haiji mapema. (Unyuzi huohuo, ukila gramu 3 kwa siku, unasaidia kushusha kolesteroli. Nusu kikombe cha oti kina kati ya gramu moja na nusu na mbili.) Kwa daku ongeza tende tatu zilizokatwa usiku, siagi ya karanga kijiko kimoja, na uweke maziwa mengi kidogo kuliko kawaida, maana mfungaji anahitaji maji. Chumvi hapa iwe kidogo mno, isije ikaleta kiu mchana.

Kuandaa za siku kadhaa, kusafiri nazo, na umeme ukikatika

Unaweza kuandaa chupa tatu kwa mkupuo, Jumapili usiku kwa mfano. Za embe na mtindi zinadumu siku tatu. Ya nne oti zimelegea mno na sipendekezi. Ukitaka ziwe na uhai zaidi, laza oti na maziwa tu, na kila usiku tia tunda la friza kwenye chupa ya kesho.

Anayekula kazini apange tofauti. Chukua chupa asubuhi ikiwa na oti nzito bila tunda, ijaze embe gumu kutoka friza wakati unatoka nyumbani, uifunge kwa kitambaa kinene ndani ya mkoba. Litayeyuka njiani na kuipoza chupa kwenye daladala. Hata hivyo usipitishe saa mbili nje ya friji, na siku za joto linalovuka nyuzi 32, saa moja. Kama safari yako ni ndefu kuliko hapo, kula kabla hujaondoka.

Umeme ukikatika usiku, usifungue friji kuangalia. Ikiwa imefungwa inabaki na baridi ya kutosha kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa inashikilia siku mbili, iliyo nusu siku moja. Matunda ambayo bado yana barafu ndani unaweza kuyarudisha yagande tena, ingawa yatakuwa laini zaidi, na kwa oti hilo halidhuru. Chupa ya maziwa ambayo imekaa usiku mzima bila umeme imwage, hata kama haina harufu.

Wasiopenda kitu cha baridi asubuhi, hasa wazee na watoto, waitoe dakika ishirini kabla ya kula, au waisimamishe chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka yatapasua kioo kilichotoka friji.

Ikienda kombo

Ikiwa nyepesi, koroga kijiko kimoja cha chia au viwili vya oti, subiri nusu saa. Ikiwa nzito kama ugali, ongeza maziwa kidogo kidogo. Uchungu maana yake ni nanasi, papai au oti zilizochacha. Ute unaovutika ni oti za kupika haraka zilizolala mno. Maji yaliyojitenga juu ya mtindi ni ya kawaida, yakoroge tu. Lakini ukifungua chupa ikatoa mlio wa hewa, au ukaona mapovu na kusikia harufu ya pombe, tunda limeanza kuchachuka. Usionje, mwaga, na upime baridi ya friji yako kabla ya kuandaa nyingine.